Nyumba ya Mlinzi wa Taa Kisiwani Chumbe

Nyumba njema si mlango, walinena wahenga wetu; fungua uingie ndani. Mwambao wetu huu, kutoka visiwa vya Lamu hadi Unguja na kuendelea kusini, una nyumba nyingi zilizosimamishwa siku zile za ukoloni. Kuna za mabalozi, za wakuu wa wilaya, za mabwana forodha na za madaktari. Nyingine zimegeuzwa ofisi, nyingine hoteli, na nyingine zimebaki magofu, kuta zimepasuliwa na mizizi na ndani hamna mpangaji ila popo. Kila tupitapo mbele ya magofu hayo twasema, "Lo, hii ilikuwa nyumba!" kisha twaenda zetu.

Hii ninayotaka kuizungumza leo haikuwa nyumba ya mkubwa. Hapakulaliwa gavana wala balozi. Ilikuwa maskani ya mtumishi mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia taa usiku ili meli za watu wengine zisipande mwamba. Nayo, katika nyumba zote za zama zile nilizozitembelea, ndiyo iliyonipa mengi ya kufikiri.

Nyumba hiyo iko Chumbe. Chumbe ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, ukubwa wake wazidi kidogo hekta 20, nacho kiko kusini-magharibi ya mji wa Unguja, mwendo wa yapata kilomita 12 baharini. Atokaye Dar es Salaam kwa meli kwenda Unguja hukiona: msitu wa kijani ulioinama juu ya maji, na katikati yake mnara mweupe umesimama kama muadhini. Sisi wa Mombasa na Malindi aghalabu tukienda Unguja tunakwenda kwa ndugu zetu, kwa harusi, kwa hitima au kwa biashara, wala Chumbe hatukitii katika hesabu ya safari. Mimi nami nilipita miaka mingi nikikitazama kwa mbali. Safari hii nilivuka.

MNARA NA ALIYEUTUNZA

Tuanze na mnara, kwa sababu nyumba ni mtoto wa mnara.

Mwaka 1890 Unguja na Pemba zilitiwa chini ya himaya ya Waingereza. Sultani alibaki na kiti chake na bendera yake, lakini shughuli za serikali zilikwenda mikononi mwa Waingereza. Mwaka 1902 alitawazwa Sayyid Ali bin Hamud, kijana aliyekuwa akisoma Uingereza na ambaye umri wake haukutosha kutawala. Kwa hiyo Waziri wa Kwanza wa Kiingereza, Bwana A. S. Rogers, akashika hatamu kwa niaba yake hadi mwaka 1905. Katika kipindi hicho hicho, mwaka 1904, ndipo mnara wa taa wa Chumbe ulipojengwa.

Haja yake ilikuwa wazi. Bandari ya Unguja ilikuwa mlango wa karafuu na bidhaa nyingine nyingi. Mkondo wa bahari ulio kati ya Unguja na Bara una miamba na mafungu ambayo nahodha wa jahazi aliyajua kwa kichwa, tangu kwa baba yake na babu yake, lakini nahodha wa meli ya moshi aliyetoka Ulaya hakuyajua. Mzawa wa bahari husoma rangi ya maji na nyota. Mgeni huhitaji taa. Taa ikawashwa Chumbe.

Taa haijiwashi. Kando ya mnara ikajengwa nyumba ya mlinzi, na karibu na nyumba ukajengwa msikiti mdogo, kwani waliokaa pale walikuwa Waislamu. Msikiti huo una sura ya Kihindi, jambo lisiloonekana sana katika misikiti ya visiwani. Fikiri, msomaji, maisha ya mtu yule. Kisiwa hakina kisima cha maji matamu. Hakina soko wala jirani. Kusi likivuma, chombo hakiji. Ana taa yake, ana msala wake, na ana sauti ya bahari pande zote nne. Jioni hupanda ngazi zaidi ya mia moja, na alfajiri huzishuka. Waliookolewa na taa yake hawakulijua jina lake, wala leo hatulisomi popote ukutani.

Mwaka 1926 taa hiyo iligeuzwa kuwa ya gesi, kwa mitambo ya kampuni ya AGA ya Sweden. Hapa kuna kisa cha kuzingatiwa. Mkuu wa kampuni hiyo, fundi aitwaye Gustaf Dalén, alikuwa amevumbua vifaa vya kuziongoza taa za minara na maboya bila ya mkono wa mtu, kikiwamo kile kinachoizima taa jua lichomozapo na kuiwasha litwapo. Kwa kazi hiyo alipewa nishani ya Nobel ya mwaka 1912. Na mwaka huo huo, katika majaribio ya gesi, mlipuko ulimpofusha macho yote mawili. Aliwapa mabaharia nuru, naye akaishi gizani hadi kufa kwake mwaka 1937. Subhana Llah.

Uvumbuzi wa namna hiyo ulikuwa neema kwa meli, lakini kwa walinzi wa taa ulimwenguni kote ulikuwa barua ya kuachishwa kazi. Taa ikijiwasha, mlinzi wa nini? Na nyumba isiyo na mlinzi, nani ataitia chokaa? Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1990, nyumba ya Chumbe ilikuwa gofu. Mnara ulisimama, msikiti ulisimama, nyumba ikaanguka.

KWA NINI MWAMBA ULIPONA

Sasa tushuke majini, kwa sababu hazina ya Chumbe haiko juu ya ardhi.

Upande wa magharibi wa kisiwa kuna mwamba wa matumbawe yaliyo hai. Wataalamu wameorodhesha hapo yapata aina 200 za matumbawe magumu, na husema kuwa hizo ni kama asilimia 90 ya aina zote zijulikanazo katika Afrika ya Mashariki. Samaki waliohesabiwa wamezidi aina 400. Mahali padogo kama mashamba machache ya minazi, na ndani yake mna karibu kila kitu ambacho bahari yetu imejaliwa kukizaa.

Mwamba huo ulisalimikaje, ilhali miamba mingine mingi ya mwambao ilivunjwa kwa baruti, kwa nanga na kwa nyavu za kukokota? Jibu lake lachekesha kidogo. Upande ule umepakana na njia ya meli ziendazo na kutoka Dar es Salaam, na vyombo vidogo vilikatazwa kuvua hapo visije vikazizuia meli kubwa. Tena pwani ya Unguja inayoelekea Chumbe ilikuwa eneo la jeshi, na askari walikuwa wakifanya mazoezi ya kulenga shabaha kuelekea baharini. Mvuvi gani atatega dema lake mbele ya bunduki? Zaidi ya hayo, kisiwa ki mbali kidogo, na mvuvi asiye na mashine huona afadhali avue karibu. Basi mwamba uliokolewa na mambo matatu ambayo hakuna hata moja lililokusudiwa kuuokoa.

Lakini bahati si ulinzi. Mashine za ngalawa zilianza kuenea, na watalii wakaanza kumiminika Unguja. Mwaka 1991 mwanamke mmoja wa Kijerumani, Sibylle Riedmiller, ambaye kazi yake ya zamani ilikuwa katika miradi ya elimu, alianza kuishawishi serikali ya Zanzibar kwamba Chumbe kihifadhiwe. Ilichukua miaka. Mwishoni mwa mwaka 1994 serikali ilitangaza mwamba wa magharibi kuwa hifadhi ya bahari na msitu kuwa hifadhi iliyofungwa, ikaikabidhi kampuni ndogo isiyotafuta faida kazi ya kuvisimamia. Yasemekana ilikuwa hifadhi ya kwanza ya bahari ulimwenguni kuendeshwa na watu binafsi.

NYUMBA YAPATA KAZI

Hapo ndipo gofu lilipokumbukwa. Kampuni ile ingaliweza kulivunja na kujenga jumba jipya la vioo. Badala yake kuta za nyumba ya mlinzi zilitengenezwa, zikaezekwa paa refu la makuti lililoinuka kama tanga, na nyumba ikawa mahali pa kupokelea wageni, pa kulia chakula na pa kufundishia watoto. Palipokuwa pakitandikwa kitanda cha mtu mmoja, sasa hukaa darasa zima.

Wageni wa kulala walijengewa vibanda saba tu msituni, na vibanda hivyo vimejengwa kwa hesabu ambayo wajenzi wetu wa leo wangefaa kuitazama. Paa la makuti hukinga mvua, maji yakachujwa na kuingia katika birika lililo chini ya sakafu. Umeme hutoka kwenye jua. Maji ya kuogea hupitishwa katika vitanda vya mimea vinavyoyanywa yasitiririke baharini. Choo hakitumii maji. Kilichomo huozeshwa kikawa udongo. Sababu yake ni kwamba jiwe la matumbawe lina matundu kama sifongo: uchafu ukimwagwa juu, kesho uko majini, na kesho kutwa umelilisha mwani ambao huyasonga matumbawe yakafa. Ni mji wetu upi wa mwambao usiojengwa juu ya jiwe hilo hilo? Na vyoo vya hoteli zetu huishia wapi? Sina haja ya kujibu. Kila aliyeoga pwani ya mji anajua.

Msituni nako kazi imefanywa. Mwaka 1997 panya walioletwa na vyombo vya watu waliangamizwa kisiwa kizima. Pana yule kaa mkubwa wa nchi kavu, mwenye magando ya kuvunja nazi, ambaye mahali pengi amekwisha kwa kuliwa; Chumbe bado yuko, na usiku hutoka mawindoni mwake polepole kama mzee atokaye msikitini. Na tangu mwisho wa miaka ya 1990 kisiwa kimempa hifadhi paa nunga, yule paa mdogo mwekundu wa misitu ya mawe. Nasi Kenya tunaye, katika msitu wa Arabuko-Sokoke na katika misitu ya Boni na Dodori. Watu wangapi wa Kilifi na Lamu wanajua kwamba wana mnyama ambaye dunia nzima hapatikani ila kwetu na Unguja?

Na msikiti? Msikiti umebaki msikiti. Haukufanywa duka la vinyago wala chumba cha picha. Wafanyakazi huswali humo. Nilipotia udhu kwa maji ya mvua na kuingia, nilikuta mikeka imetandikwa na madirisha ya wazi yanaleta upepo wa bahari. Nilifurahi kuliko nilivyofurahishwa na vibanda vyote saba. Nimeona miji ambamo nyumba ya kale hutengenezwa kwa ajili ya mgeni, na chochote cha mwenyeji kilichomo hutolewa nje pamoja na kifusi.

WALINZI WASIO NA BUNDUKI

Jambo kubwa la Chumbe, hata hivyo, ni watu wake. Walinzi wa hifadhi tangu mwanzo walichukuliwa miongoni mwa wavuvi wa vijiji vya upande ule wa Unguja. Walifundishwa kuogelea na vioo, kuyajua matumbawe kwa majina, kuandika kumbukumbu na kuzungumza na wageni. Hawabebi silaha. Mvuvi akiingia mpakani, mlinzi humwendea kwa mashua, humpa salamu, huuliza hali ya nyumbani, kisha humweleza. Anayeelezwa huenda akawa binamu yake au mtu aliyesoma naye chuoni, ubao kwa ubao.

Nilizungumza na mmoja wao, mtu wa makamo mwenye mikono iliyojaa makovu ya mishipi. Nikamwuliza, "Ndugu yangu, mtu akikataa kuondoka utafanyaje bila bunduki?"

Alitabasamu. "Maalim, nikiwa na bunduki ataondoka leo, arudi usiku. Nikiwa na maneno atanitukana leo, kesho ataniuliza huko chini nimeona nini."

Nikavaa vioo, nami nikashuka kuona. Sina maneno mengi. Niliona changu na pono kwa makundi, nikaona chewa amekaa chini ya jiwe lake kama mwenye duka asiye na haja ya kuita wateja. Niliona matumbawe ya umbo la meza, ya umbo la pembe, na mengine ya duara makubwa kuliko jiko la mkate. Kila moja ni mkusanyiko wa viumbe vidogo visivyo na idadi, na kila kiumbe kimejijengea chumba chake cha chokaa. Nyumba zetu za mawe, za Mombasa, za Lamu na za Unguja, zimejengwa kwa mifupa yao. Sisi watu wa mwambao ni wapangaji wa matumbawe tangu kuzaliwa.

NENO LA MVUVI

Nisingekuwa mwadilifu kama ningeandika sifa tupu. Niliporudi Unguja nilikaa barazani na mzee mmoja mvuvi, pwani inayokabiliana na kisiwa. Nilimpa salamu, nikamwuliza anakionaje.

"Sheikh," akasema, "mgeni hulipa akaingia. Mimi bahari ya babu yangu naambiwa, simama hapo."

"Na upande wa mashariki, mzee wangu?"

"Upande wa mashariki twavua. Sikatai. Na nitakwambia jambo ambalo wenzangu wengine hawapendi kulisema. Samaki hajui mpaka. Nikitega dema karibu na mpaka, napata changu ambaye kwingine simwoni. Lakini mtu akikufungia mlango, hata kama nyuma ya mlango anakupikia, moyo huuma."

Maneno ya mzee yale yana pande mbili, na pande zote mbili ni za kweli. Samaki wakubwa huzaa mayai mengi mno kuliko wadogo. Mahali pasipovuliwa wakubwa hubaki, na wana wao hutoka nje wakawa riziki ya kila mtu. Hilo si hadithi ya wazungu. Mvuvi mwenyewe ameliona katika dema lake. Lakini ni kweli pia kwamba kulala Chumbe usiku mmoja kwa bei ya mgeni ni jambo ambalo mvuvi hataliota. Fedha za wageni hao ndizo zinazolipa walinzi na kuwaleta kisiwani wanafunzi wa Unguja na walimu wao, na hadi sasa waliokwenda ni maelfu. Wengi wao, na hasa wasichana, walikuwa hawajawahi kutia kichwa majini wakafungua macho, ingawa wamezaliwa hatua chache kutoka pwani. Mtoto wa mvuvi huingia katika nyumba ya mlinzi wa taa akafundishwa kilichomo ndani ya bahari ya babu yake. Hiyo ndiyo kodi ambayo nyumba inalipa, nami naiona ni halali. Kama inatosha, hilo nawaachia wenye bahari waseme.

Mambo haya si ya Unguja pekee. Sisi Kenya tulitenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu mwaka 1968, na tangu hapo wavuvi wetu wamekuwa na manung'uniko kama ya mzee yule. Lakini katikati ya miaka ya 2000, kule Kuruwitu, Kilifi, wavuvi wenyewe walikaa kikao na kuamua kufunga kipande cha bahari yao, yapata hekta 30, pasina kuambiwa na mtu wa serikali. Bahari ile ile, kufunga kule kule, lakini moyo haukuuma vile, kwa kuwa ufunguo ulikuwa mkononi mwa mwenye nyumba.

SHINA NA MATUNDA

Wasomaji wetu hawana haja ya kwenda mbali kutafuta sheria ya jambo hili. Tunayo nyumbani. Sayyidna Umar alipopata shamba zuri Khaybar alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, kuuliza alifanyeje. Shauri aliyopewa ikawa msingi wa wakfu: shina la mali lizuiwe, lisiuzwe, lisirithiwe wala kutolewa zawadi, matunda yake yagawiwe wenye haja. Na Madina yenyewe iliwekewa mpaka ambao ndani yake miti haikatwi wala mawindo hayafukuzwi. Kutenga mahali pakapumzika si jambo lililokuja na meli ya Ulaya.

Ndugu zetu wa Pemba wamelitumia fundisho hilo waziwazi. Kisiwa cha Misali kiliwekwa kuwa hifadhi mwaka 1998, na katika kuwaelimisha wavuvi palitumiwa mafundisho ya dini juu ya amana na ubadhirifu, masheikh wakaingia katika shughuli hiyo. Mtu aliyekuwa hasikii amri ya ofisi alisikia neno la msikitini. Nami nikiutazama mwamba wa Chumbe naona wakfu wa namna hiyo: shina halivuliwi, matunda huogelea yakatoka nje. Tofauti ni moja. Wakfu huandikwa jina la anayenufaika, akajua. Wakfu ambao wanufaikao hawajui kuwa ni wao hugeuka mali ya mtawali.

Basi ndivyo ilivyo kwa nyumba za kale pia. Tuna desturi ya kulia nyumba ikishaanguka. Tunasema serikali haikuitunza, au mrithi ni mlafi. Lakini nyumba ya Chumbe haikuanguka kwa ulafi wa mtu. Ilianguka kwa kukosa kazi, na ilisimama ilipopewa kazi. Chokaa haishiki penye ukiwa. Kama katika Mji wa Kale, au Shela, au Vanga, kuna nyumba ya bwana forodha inayooza, swali la kwanza lisiwe nani atatoa fedha. Liwe: itafanya kazi gani, na nani miongoni mwa majirani ataamka alfajiri kwa ajili yake?

Nisimdanganye mtu kuwa Chumbe kimesalimika. Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida, matumbawe ya mwambao wote yakageuka meupe. Na mwaka 2016 joto likarudi. Ndani ya mwili wa kila tumbawe huishi mwani mdogo mno unaolilisha na kulitia rangi; maji yakizidi joto tumbawe humtoa mpangaji wake huyo, likabaki jeupe na njaa, na joto likidumu hufa. Mlinzi asiye na bunduki hawezi kulizuia joto, wala mwenye bunduki hawezi. Na mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowakata watalii ulimwenguni, kila hifadhi inayoishi kwa fedha za wageni iliona jinsi kamba yake ilivyo nyembamba. Mwamba wenye afya hupona upesi kuliko ulio mgonjwa, na hiyo ndiyo faida ya ulinzi. Lakini anayeishi kwa mgeni peke yake, mgeni asipokuja ale nini?

Nikiwa katika mashua ya kurudi, mlinzi wangu aliniomba niache neno katika daftari la wageni. Niliandika ubeti mmoja, nao ni huu:

Nyumba ya mtunza taa, leo yatunza bahari,
Samaki wamezagaa, wazaa pasi hatari,
Na mvuvi mwenye njaa, asinyimwe yake kheri,
Jirani akikataa, hawatoshi askari.

Aliusoma mara mbili, akasema mstari wa tatu atamsomea mzee wake, kwani baba yake angali anavua. Nikamwambia ausome, na jibu la mzee aliandike katika daftari hilo hilo, chini ya ubeti wangu.